Maji ya Kilio ya Mtaa wa Nyuki

Léopold alikuwa akisikia maji kwa nyayo. Alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, alivua kiatu kimoja, akaweka mguu mahali bomba lilipopita chini ya barabara, akafumba macho. Maji yakipita, alisema, ardhi huwa kama mgongo wa ng'ombe anayecheua: hutikisika kidogo sana, polepole, kwa amani. Yasipopita, ardhi ni ardhi tu. Watu waliompita wakati huo walidhani anasali, wakashusha sauti.

Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga. Alibeba begani ufunguo wa chuma, mrefu kumfikia kifuani, wenye mpini wa kukingamana juu, na kwa ufunguo huo aligeuza vana, yaani vali za maji, zilizojificha ndani ya visanduku vya saruji kando ya njia. Leo mtaa huu, kesho mtaa ule. Maji yanayotoka mto Mulongwe hayakutosha kwenda kila mahali kwa siku moja, na tangu mwaka ule mto ulipofurika ukachukua nyumba, mabomba na watu, yalizidi kupungua. Mji wa Uvira umelala kando ya ziwa ambalo kina chake hakuna mvuvi aliyewahi kukigusa kwa kamba, na bado wanawake wake hupanga bidoni, madumu matupu ya maji, tangu kuku wa kwanza. Mgeni hushangaa. Mwenyeji anajua kwamba maji ya ziwa ni ya kufulia na kuogea, na kwamba anayeyanywa bila kuyatia dawa anaweza kulala mzima na kuamkia kwenye kile kitanda chenye tundu katikati, wanapolazwa wagonjwa wa kipindupindu.

Ni vizuri lisemwe mapema: Léopold hakupokea kitu cha mtu. Nyumba yao haikuwa nyumba ya kupokea vitu. Baba yake alikuwa katekista, mke wake Sabine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na shati la kazi la Léopold lilipigwa pasi kila asubuhi kana kwamba anakwenda kanisani, ingawa alikuwa anakwenda kupiga magoti kwenye tope. Hata yai hakupokea. Anayesema vinginevyo asimulie alichokiona, si alichokisikia.

Kazi hiyo alifundishwa na mzee Kizito, aliyekuwa na ufunguo kabla yake. Siku ya kumkabidhi, Kizito alimpitisha kwenye vana zote, moja baada ya nyingine, na kwenye ile ya mwisho akaketi juu ya saruji akampa kanuni moja ambayo haikuandikwa katika ofisi yoyote.

"Kilio kikianguka ku mutaa," alisema Kizito, "unapeleka maji kule siku moja. Hata kama haiko zamu yao. Watu watatoka makaburini, watataka kunawa mikono ku mulango. Kilio bila maji ni haya."

"Na mashefu wa ofisi?"

"Mashefu hawajue, na hawaulize. Halafu kitu ingine. Mutu akikuletea habari ya kilio, weye usimuulize nani amekufa. Ukiuliza ku mulango, ni kama unapima kama marehemu anafaa. Fungua kwanza. Mchana utapanda mwenyewe kutoa pole, utanawa na ile maji, njo utajua ni nani."

Kwa miaka kumi na sita Léopold alifanya hivyo. Alifungulia maji wazee, watoto wachanga, mwalimu, mlevi, na mara moja mwizi. Hakuuliza jina mlangoni hata siku moja, na hakuna mtaa uliowahi kunung'unika ulipopoteza zamu yake kwa sababu ya maiti wa mtaa mwingine. Kila mtaa ulijua kwamba siku yake itafika.

Juu kabisa, mahali ambapo nyumba zimeng'ang'ania mlima, kulikuwa na mtaa mdogo unaoitwa Nyuki. Maji yalipata shida kufika huko. Mtaa wa Mukeke, ulioko chini karibu na ziwa, ulikuwa juu ya bomba hilohilo, na maji, kama mtu mwingine yeyote, hupenda kuteremka. Hata siku za zamu ya Nyuki, mtandao wa mabomba ulikuwa umechoka: robine yao moja, bomba la kuchotea, ilikohoa hewa, ikatema vikombe viwili vya maji mekundu, ikanyamaza. Njia pekee ya kuyasukuma maji mpaka kule juu ilikuwa kuwafungia Mukeke kabisa, kutwa nzima. Na Mukeke walikuwa watu wengi, wenye watoto wengi, na ziwa lilikuwa hatua hamsini kutoka milango yao. Ukiwafungia, wanateremka ziwani. Ndiyo maana hakuwafungia ila kwa kilio.

Kwa hiyo Nyuki walibeba. Mwanamke alishuka na bidoni tupu akapanda na bidoni iliyojaa, na asiyeweza kupanda alimlipa anayeweza. Bidoni moja ikifika juu ilikaribia bei ya unga wa mhogo wa chakula cha jioni.

Jumanne moja ya Agosti, jua la kiangazi likiwa limefifia kwa vumbi, Toussaint wa Nyuki alibisha hodi kwa Léopold. Alikuwa amevaa shati jeupe na alitazama chini.

"Papa Léopold. Tuko na kilio kule juu."

"Poleni," alisema Léopold. "Poleni sana."

Toussaint alibaki amesimama, kama mtu anayengoja swali. Swali halikuja. Aligeuka akaenda zake, na Léopold akachukua ufunguo.

Ilikuwa zamu ya Mukeke. Alipofika, mama Geneviève, mlinzi wa robine ya mtaa huo, mwanamke mwenye sauti ya kuita mitumbwi, alikuwa tayari amepanga bidoni za watu kwa mstari.

"Eh, Papa Léopold! Weye na hiyo sura! Usiniambie unatufungia."

"Iko kilio kule Nyuki."

"Ya nani?"

"Sikuuliza."

Geneviève alifunga mdomo, akaona haya kidogo. "Njo vile. Haiulizwe." Kisha akawageukia wenzake. "Bamama! Tubebe bidoni zetu. Maji inapanda leo. Mwenye haraka ashuke ku ziwa, lakini atie dawa, munasikia? Atie dawa!"

"Maiti hana haraka," alisema mwanamke mmoja huku akijitwika bidoni yake tupu. "Mwenye haraka ni minye, niko na maharagi ku moto."

Walicheka, wakaondoka. Léopold alipiga magoti, akaingiza ufunguo, akageuza. Chini ya goti lake ng'ombe aliacha kucheua.

Baada ya hapo alipanda mpaka katikati ya mlima, akaifungua vana ya Nyuki mpaka mwisho. Maji hayapandi upesi. Alikaa kwenye jiwe akayafuata kwa mawazo: yanapita chini ya ngazi za kanisa, yanazunguka msingi wa nyumba iliyoungua, yanaingia kwenye bomba jembamba lenye kutu, yanasukuma mbele yake hewa yote iliyolala humo wiki mbili. Alipokuwa akiyafuata hivyo, mara nyingine alisahau kama yeye ni mtu anayeketi juu ya jiwe au ni kitu kinachopanda gizani bila macho, kikijua tu kwamba kuna mahali pa kutokea. Ziwa lilikuwa chini yake lote, jeupe kwa jua, tulivu, bila ukingo upande wa kusini. Mashua ndogo ilikuwa imesimama katikati kama inzi kwenye maziwa. Alisinzia kidogo. Alipozinduka, alisikia kutoka juu kelele za wanawake, na akajua maji yamefika.

Mchana, saa tisa, alifunga vifungo vya shati lake akapanda kutoa pole.

Turubai lilikuwa limetandazwa uani kwa Toussaint, na viti vya kuazima vilikuwa chini yake. Mlangoni palikuwa na beseni la kunawia. Lakini wanawake hawakulia. Walikuwa wanakimbia, kila mmoja na ndoo, sufuria, pipa, hata sahani kubwa, na robine ilikuwa inamwaga maji mazito, meupe kwa nguvu, yenye sauti kama nguo mpya inayochanwa. Walipomwona, walisimama wote.

"Poleni," alisema Léopold. Alinawa mikono kwenye beseni, kama desturi. "Msiba ni wa nani?"

Mama mmoja alijifanya anatafuta kifuniko cha sufuria.

"Ni yangu," ilisema sauti.

Chini ya robine, kwenye kiti kifupi, alikaa bibi kizee, koko Noella, mama mkwe wa Toussaint. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kitambaa cheupe kichwani, na miguu yake yote miwili ilikuwa ndani ya beseni, maji yakimwangukia juu ya vifundo.

"Ni minye nilikufa, Léopold. Karibu. Keti."

Léopold hakuketi. Alimtafuta Toussaint kwa macho akamwona nyuma ya nguzo.

"Papa Léopold, usikasirike," alisema Toussaint. "Koko njo alisema niende. Na weye haukuuliza nani. Ungeuliza, ningeshindwa kusema."

"Usimugombeze ule," alisema Noella. "Ule ni mukwe wangu tu, minye njo nilimutuma. Gombeza minye."

"Koko," alisema Léopold polepole, "watu wa Mukeke wameshuka ku ziwa leo kwa sababu yako. Bamama wenye mimba. Batoto."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua. Njo maana sikuombe pardon, pardon itakuwa bure. Nakuomba saa moja."

Léopold alihisi joto la aibu likimpanda shingoni, na halikuwa la Noella tu. Miaka kumi na sita ya kutouliza ilikuwa imesimama pale uani na miguu yake ndani ya beseni. Mtaa mmoja ukijua kwamba Nyuki walidanganya, mwezi ujao kila mtaa utakuwa na maiti. Mashefu watasikia, na mashefu wataifuta desturi hiyo. Na jina la nyumba yake, lililokuwa safi kama shati lake, litakuwa jina la mtu aliyechezewa na bibi kizee, au, vibaya zaidi, la mtu aliyeuza zamu. Aligeuka aende kufunga.

"Weye ulipandaka hapa mara ngapi na hiyo ufunguo?" aliuliza Noella.

"Mara nyingi."

"Na maji ilipandaka mara ngapi?"

Léopold aliushusha ufunguo chini.

"Ile robine inapumuaka tu. Fuu, fuu, kama muzee wa pumu, halafu inalala. Sikia, mutoto wangu. Minye nilizaliwa Lubarika, kule ku mashamba ya mupunga. Mufereji ilipitaka nyuma ya nyumba yetu. Nilikuwa nalala, maji inapita; naamuka, maji inapita. Mama alikuwa anatugombeza, maji inapita tu. Halafu nikaolewa huku juu. Maji nimeibeba, wee, mpaka shingo imeingia ndani ya mabega. Lakini siisikiake. Ndani ya bidoni maji haisemake kitu."

Wanawake walikuwa wameweka vyombo vyao chini. Hata hivyo hakuna tone lililopotea: beseni la Noella lilipojaa lilimwagikia kwenye beseni la pili, la pili kwenye ndoo, ndoo ikabadilishwa kimyakimya na mkono wa mtu.

"Siku nitakufa kweli, utafungua," alisema Noella. "Watu watanawa, watapika, watasema, eh, kilio ya Noella ilikuwa na maji! Na minye? Minye nitaisikia na sikio gani?" Kisha akasema kwa lugha ya kwao, si kwa mtu yeyote bali kwa maji yenyewe, "Amazi, we," akafumba macho.

Léopold alijua jinsi uso unavyokuwa hapo. Ulikuwa uso wake mwenyewe wa alfajiri, kiatu kimoja mkononi. Alitoa simu akatazama saa, akaketi.

"Saa moja," alisema. "Lakini sikieni nyote. Hiki ndicho kilio cha koko Noella. Nimekifungulia. Siku Mungu atamwita, zamu itakuwa zamu, na maji mtabeba kichwani."

"Papa Léopold!" Toussaint alishtuka. "Usiseme vile mbele yake."

"Acha aseme. Nimekubali." Noella alifungua jicho moja. "Musikie bote, musije kumulilia Léopold baadaye. Minye nilishakula yangu."

Hapo mtu alicheka, kisha wengi wakacheka, na kicheko kikaisha, ikabaki sauti ya maji peke yake. Ilipita uani, ikapita juu ya turubai, ikapita ndani ya vichwa vyao. Mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni alianza kuyumba bila kujua. Léopold aliona, au alidhani anaona, mlima mzima ukilegea kama mtu anayevuliwa mzigo, nyumba zikikaa vizuri zaidi mahali pake, na ziwa kule chini likipanda taratibu kuja kusikiliza. Muda ulipokwisha, Noella alikuwa amelala, kidevu kifuani, vidole vya miguu vikielea.

Wakati wa kuondoka, Toussaint alifunga kuku kwenye mpini wa ufunguo. Léopold alimfungua hapohapo mlangoni, mbele ya macho ya watu wasiopungua thelathini, akamweka chini. Kuku alimfuata hatua kadhaa njiani, kama kuku wafanyavyo, akarudi. Huyo ndiye kuku ambaye maneno ya mji yalimgeuza kuwa mbuzi, na wengine ng'ombe. Alikuwa kuku, na alirudi kwao.

Léopold aliifunga vana ya Nyuki, akashuka akawafungulia Mukeke, na jua lilikuwa bado halijaenda nyuma ya mlima. Angeweza kwenda nyumbani. Kama wangemwuliza, angeweza kusema ni mama mmoja mzee, na wangesema Mungu ampokee. Alisimama kando ya robine mpaka Geneviève alipokuja na bidoni za kwanza.

"Mumezika vizuri?" aliuliza Geneviève.

"Hatukuzika. Hakuna aliyekufa."

Alimweleza yote, wazi, kwa sauti ambayo wanawake wote wa mstari waliisikia. Geneviève alisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Binti yangu Laurette alishuka ku ziwa leo," alisema mwishowe.

"Alitia dawa?"

"Alitia." Alisogeza bidoni ya kwanza chini ya robine. "Ungesema alikufa, bwana. Tungekubali. Ungelala vizuri, na sisi tungelala vizuri."

"Na siku ingine nikija kuwafungia, mungejuaje kama nasema kweli?"

"Na sasa tutajuaje?"

Wanawake walianza kusema wote pamoja: kwamba Nyuki ni wezi, kwamba Léopold ni mjinga, kwamba Léopold amekula, kwamba hapana, aliyekula hajisemi mwenyewe. Geneviève aliwanyamazisha kwa kiganja.

"Watupe zamu yao ya jumamosi," alisema.

"Jumamosi yao ni upepo tu," alisema Léopold. "Munaijua ile robine."

"Basi watupe upepo yao. Sisi tutajua wamelipa."

Na ikawa hivyo. Jumamosi ile Nyuki hawakupanga bidoni, na hakuna aliyeshuka kulalamika. Lakini Geneviève alipokuwa anajitwika bidoni yake jioni ile ya Jumanne, aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Ule koko. Aliisikia?"

"Aliisikia."

"Akafanya nini?"

"Akalala."

Geneviève alitikisa kichwa, akaenda zake polepole, na kila mara maji yalipopigapiga ndani ya bidoni aliinamisha kichwa kidogo upande huo.

Koko Noella bado yu hai. Anakula vizuri, na Nyuki wanamtunza kwa bidii ambayo haikuwapo zamani, kwa sababu wanajua maji ya kilio chake yatabebwa kichwani. Desturi nayo haikufa, na mashefu hawakuifuta. Ila tangu siku ile, Léopold akija na ufunguo kufunga, mitaa humwuliza: ya nani? Naye hana budi kuwa na jibu. Kwa hiyo amelazimika kuuliza.

Hili ndilo analolichukia. Mtu anakuja alfajiri, shati jeupe, macho chini, na mara nyingi Léopold ndiye mgeni wa kwanza wa msiba huo. Jina la marehemu halijatamkwa bado nje ya nyumba yao. Yeye hambakizi mlangoni. Humwingiza ndani, humpa kiti, na Sabine huleta kikombe cha maji yaliyochemshwa. Léopold hungoja mpaka mtu amalize kunywa. Kisha huvua kofia yake na kumwuliza, kwa sauti ya chini kuliko zote alizonazo, ni nani.

Mtu hulitaja jina. Léopold hulirudia mara moja, huchukua ufunguo, na huenda kufungua.